Baiskeli ya Mkunga wa Siyu

Forodha ya Lamu ilifurika asubuhi ile ya mwaka sitini na mbili: wapagazi, punda, magunia ya sukari, na watu wasio na kazi ila kutazama kazi za wenzao. Katikati ya zogo hilo, Mueni alijikwaa kwenye fremu ya baiskeli isiyo na magurudumu, akaanguka yeye na sanduku lake. Alikuwa mkunga mpya wa zahanati ya Siyu, mrefu, amevaa gauni jeupe, mkanda wa buluu na raba nyeupe pee. Raba hazikuwa nyeupe tena.

"Pole, dada. Umeumia?" aliuliza kijana aliyeishika fremu.

"Huu mfupa ni wako?"

"Wangu. Nipe miezi michache, utaota nyama."

Mueni alikusudia kukasirika, akajikuta anacheka. Kijana mwenyewe aliitwa Wafula, askari wa redio katika kituo cha polisi, Mbukusu aliyekulia kwenye kibanda cha fundi baiskeli. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi ikakakamaa, lakini kucha zake zilikuwa na grisi hata Jumapili.

"Na utaiendesha wapi katika kisiwa hiki cha punda?"

"Sijui. Wewe unakwenda wapi?"

"Siyu."

"Basi itakuja Siyu."

Walipendana hivyo, bila kuzungushana. Mueni alipokuja Lamu kuchukua dawa, Wafula alimpima mguu kwa kamba, kuanzia nyonga hadi kisigino, akapiga fundo, apate kimo cha kiti. Siku hiyo walimkuta Nerea kwenye ua wa kituo cha polisi, mwalimu mfupi mwenye kicheko kizuri, aliyekuwa akipita hapo kila jioni "kutazama tu." Mueni aliliweka jambo hilo moyoni.

Siyu ilimfunza taabu. Njia ya kwenda mji wa Pate, aliouhudumia pia, ni mchanga unaomeza mguu, na mama mwenye uchungu hasubiri. Mwezi wake wa tatu huko, alifika Pate akamkuta mama mjamzito ameshafariki. Alilia siku tatu, kisha akachukua fomu ya uhamisho. Jumamosi aliomba redio ya kituo kidogo cha Siyu. Barka, askari wa hapo, alimpa nafasi, naye akaketi pembeni kusikiliza bila haya.

"Nikichelewa tena mtu akafa, naondoka. Siwezi tena. Ova."

"Mpenzi, nipe mpaka mwisho wa mwezi. Baiskeli inakuja. Ova."

"Usiniite mpenzi, Barka anasikia. Ova."

"Barka, ziba masikio. Ova."

"Nimeyaziba," akajibu Barka.

Wafula hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile. Aling'oa madigadi ya kukinga tope, mchanga usije ukaganda ndani yake. Akatia tairi nene za baiskeli ya mizigo, akazijaza upepo kidogo tu, zilale juu ya mchanga badala ya kuukata. Gia ilikuwa moja, kwa hiyo aliichagua kama mtu anayechagua mke: nyuma akafunga kubwa zaidi, meno ishirini na mawili, pedali ziwe nyepesi. Akaongeza pingili mbili za mnyororo, akavuta gurudumu la nyuma mpaka mnyororo ukabaki na ulegevu wa nusu inchi. Mwisho akashusha kiti, akaipakia kwenye mashua.

Mueni aliipokea kwa furaha kubwa, akaipanda. Nyayo zake zote mbili zikakanyaga chini, magoti yakapanda juu. Ule mguu uliopimwa kwa kamba! Nani Lamu angeenea kiti hiki? Wivu ukamjibu kabla hajafikiri.

"Baiskeli imefika," alisema redioni. "Mpe mwenyewe. Ova."

"Mwenyewe nani? Ova."

"Mwenye miguu mifupi."

Akatoka. Ikabidi Barka amalizie: "Amekwenda zake, bwana. Ova."

Wafula aliomba likizo, akafika Siyu Ijumaa saa nane mchana. Alimkuta Mueni zahanati, anajaza ile fomu.

"Mueni, nisikilize. Kile kiti..."

"Kiti ni cha Nerea. Sitaki makombo."

Kabla Wafula hajajibu, mtu aliingia akihema. "Bi Mueni, ndoo twende upesi! Mkewe mwana wa Bi Hadia, Pate. Uchungu tangu alfajiri, na mwana hatoki!"

Mueni alitazama baiskeli iliyoegemezwa ukutani. Aliichukia. Akafunga mkoba wake kwenye keria, akapanda. Wafula akamfuata mbio.

Nje ya mji gurudumu la mbele lilizama ghafla. Mueni alijua anaanguka, lakini miguu yake ilishuka ikakanyaga, akasimama wima. Akasukuma, akaendelea. Ikazama tena, akasimama tena. Mara ya tatu akageuka.

"Wafula! Ulikishusha kwa sababu ya mchanga?"

"Nakwambia tangu saa nane!"

"Na kamba?"

"Kipimo cha kamba ni cha njia ngumu! Kiti kingekuwa juu, hapa ungevunjika shingo!"

"Na Nerea?"

"Ni mchumba wa sajini wangu! Humsubiri hapo atoke kazini!"

Mueni aliona aibu, na chini ya aibu raha tupu. Hakuwa na wakati wa kuomba radhi. Alikanyaga pedali akatokomea.

Wafula aliingia Pate kwa miguu, viatu mkononi. Jua lilikuwa linazama. Ndani ya nyumba ya Bi Hadia kitoto kilikuwa kinalia kwa nguvu zote. Mueni akatokea mlangoni, mikono ikinuka sabuni, na bibi mwenyewe nyuma yake.

"Mama yake amepona," alisema Mueni. "Nimewahi, Wafula. Nimewahi."

"Alhamdulillahi," alisema Bi Hadia. "Na bwana huyu aliyekuya na ndia yote ya mchanga miguuni, ni nani wako?"

"Mwulize mwenyewe."

"Mimi ni fundi wake," alisema Wafula.

"Fundi tu?" aliuliza Mueni.

Wafula aliweka viatu chini. "Utaolewa nami, Mueni?"

"Mimi Siyu siondoki tena. Lamu utamwachia nani?"

"Fomu nitajaza mimi. Kituo cha Siyu kina askari mmoja tu."

Mueni akasema ndiyo, mara mbili, kwa kuwa ile ya kwanza ilimezwa na kilio cha kitoto.