Kreti Jekundu

"Kata usukani. Kata! Haya, nyoosha," Fundi alisema.

Gari la mizigo lilirudi kinyumenyume, likaingia nusu kati ya makreti yaliyopangwa kama kuta za uchochoro. Kisha bampa likagonga kreti jekundu.

Kra!

Koleo aliangua kicheko, akiwa kitako juu ya tairi chakavu. Mkubwa, aliyesimama kando yake, hakucheka.

Saa kumi alasiri. Ghala tupu, mlango umefungwa kwa ndani. Kesho saa tatu asubuhi, mwanamke aliyeshika usukani angefanya mtihani wa udereva. Akifaulu, anapewa leseni ya muda papo hapo. Saa tisa alasiri angeliingiza gari hili kinyumenyume kwenye uchochoro nyuma ya duka la sonara, kati ya jenereta na ukuta. Mlinzi wa geti la uchochoro huo hapitishi dereva asiye na leseni, na keshokutwa dhahabu inahamishwa. Bila yeye, hakuna kazi.

Koleo ni mumewe. Ndiye angeingia ndani kwanza. Aliyeingia kwanza mara iliyopita alizikwa bila ndugu zake kuitwa.

"Shemeji, hilo kreti limekukosea nini?" Mkubwa aliuliza kwa upole. Hakuna aliyeupenda upole wake.

"Nyuma sioni vizuri, shemeji."

"Na vioo vyote hivyo?"

"Mpe nafasi, bosi," Koleo alidakia. "Mke wangu si mwoga. Kunioa mimi tu ilitaka moyo."

"Wewe ndiye uliyenioa," mwanamke alisema. Hakugeuka.

Akasogeza gari mbele ili aanze upya.

Fundi alikuna kidevu. Wengi walikuwa wamejifunzia udereva kwenye gereji yake. Wasiojua kurudi nyuma hugonga huku na huku, leo ukuta, kesho nguzo. Huyu, wiki nzima, aligonga kreti moja, pembe ileile.

Akalisukuma kreti kwa mguu, shubiri moja nje ya njia ya gari. Mtu wa kubahatisha angelikosa.

"Rudi."

Gari likaja. Katika kioo cha pembeni Fundi aliyaona macho ya mwanamke. Hayakuwa na hofu. Yalikuwa yanapima. Usukani ukaongezwa kidogo tu, kidogo sana.

Kra! Pembe ileile.

Fundi akaitazama ile pembe iliyopondeka. Mwanamke huyu alijua kuegesha kuliko yeye.

"Vipi?" Mkubwa aliuliza. "Anaiva au haivi?"

Fundi alimtazama Koleo. Alikuwa anapuliza vumbi kwenye keekee yake ya kutobolea sefu, akipiga mluzi kama mtu anayejiandaa kwenda harusini.

"Bado kidogo," Fundi alisema. "Tukirudia kesho alfajiri, kabla ya mtihani, atakaa sawa."

Akaingiza kichwa dirishani, akajifanya anakagua breki ya mkono.

"Shem," alinong'ona. "Kesho ukigonga, gonga jingine."

Mikono ya mwanamke ilianguka mapajani. Alikuwa anatazama kioo.

Ndani ya kioo, Mkubwa alikuwa amechuchumaa. Aliligeuza kreti jekundu taratibu. Pembe tatu zilikuwa nzima. Akapitisha kidole gumba kwenye ile ya nne.

"Fundi."

"Naam, Mkubwa."

"Haya makreti huwa unayapanga wewe?"

"Mimi."

"Yaache hapohapo. Kesho nitayapanga mwenyewe."