Maswali ya Sista Luul

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ayuma alimfunga mama yake kamba za viatu. Mama huyo, Asenath, alikuwa fundi wa cherehani kiwandani mpaka ugonjwa wa mishipa ya fahamu ulipomlegeza viungo na kumtia ukungu machoni. Siku nyingine alitembea vizuri. Siku nyingine alishikilia ukuta.

Majirani wa ploti yao ya vyumba vya kupanga huko Kayole walinong'ona kwamba amerogwa. Wageni wakakoma kuja. Shuleni, rafiki yake Marion alipoulizia habari za mama, Ayuma alijibu, "Amesafiri, yuko Vihiga." Tangu hapo hakuthubutu kumkaribisha mtu. Jioni walikaa wawili tu, mlango umefungwa, wakisikiliza watoto wa wenzao wakicheza uani.

Jumamosi moja alifika Sista Luul, muuguzi wa kliniki yao. Alikuwa akipima jinsi wagonjwa wa aina hiyo wanavyostahimili.

"Mama Ayuma, sifuri ni hapana kabisa, nne ni ndiyo kabisa. Ukipatwa na shida, unajiinua tena?"

"Nne."

"Una mtu wa kukimbilia ukilemewa?"

"Nne," Asenath alisema, akijilazimisha kutabasamu.

Ayuma, aliyekuwa akiosha vyombo, aliweka sufuria chini. "Mama, si kweli! Jana ulianguka bafuni ukanikataza nisiite mtu. Ulilia."

Asenath aliinamisha kichwa. "Andika sifuri, sista. Hatuna mtu."

Sista Luul aliweka kalamu kando. "Ugonjwa huu hauambukizi, wala si uchawi. Ukiniruhusu, nitawaeleza majirani."

Asenath alisita sana, kisha akakubali.

Jioni hiyo Mama Khavere wa mlango wa pili alibisha hodi, birika la uji mkononi. "Mbona hukuniita, dada? Nilidhani hamtaki watu!"

Jumatatu, Ayuma alimweleza Marion ukweli. Marion alinuna siku nzima. Kesho yake akasema, "Ungeniambia tu. Nikuje kumwona?"

Usiku Ayuma alipomsimulia mama, Asenath alimvuta karibu.

"Nilidhani kuvumilia ni kuwaambia watu niko sawa," alisema. "Nikakufundisha kuficha, tukabaki wapweke. Mwanangu, ukiumia, sema umeumia. Anayejua shida yako ndiye anayeweza kukushika mkono."