Kazi Isiyotaka Mwombaji

Foleni ya ofisi ya leseni za udereva pale Irving, Texas, inamtoa mtu jasho hata kiyoyozi kikiwa kinanguruma. Watoto walikuwa wanalia, karani anaita namba kwa sauti ya mtu aliyeichoka dunia, na katika msukumano huo Darla Prewitt akamkanyaga mtu mguu.

"Samahani, kaka! Nimekuumiza?"

"Si sana. Vidole vingine bado vizima."

Darla akacheka. Mwanamume alikuwa mrefu, wa maji ya kunde, shati la samawati limepigwa pasi likanyooka, kitambulisho cha kazi kinaning'inia kiunoni. Naye akamtazama Darla: jaketi ya jinzi, buti za ngozi, nywele nyekundu zimefungwa kwa kalamu.

"Umepoteza leseni?" akauliza.

"Pochi nzima! Na wewe?"

"Leseni yangu hufa viza yangu inapokufa. Kila wakiniongezea viza, narudi hapa kusujudu. Ni ile viza ya wataalamu. Naandika programu za hospitali. Jina langu Phanindra Kosaraju, lakini niite Phani."

"Kumbe mwenzangu! Mimi natunza kanzidata ya kampuni ya bima. Haya Phani, ukinitangulia dirishani, mpe yule karani pole yangu."

"Nikikutangulia, nitakusubiri nje na kahawa."

Alimtangulia, na akamsubiri mpaka kahawa ikapoa. Darla akainywa hivyo hivyo.

Penzi likashika kasi. Phani alimpikia kuku wa kwao Guntur, kule India, pilipili ikamliza Darla, akafuta machozi na kuomba tena. Darla naye akampeleka kwenye nyama choma, akasahau kwamba mwenzake hali ng'ombe.

"Mwanaume gani anakuja Texas kula bata mzinga?" akamtania.

"Mwanaume anayekupenda, bibie. Asiyekupenda angekaa kwake ale wali."

Mchana simu ilikuwa haikosi. "Umekula, laazizi?"

"Wewe kila simu kula tu!"

"Kwetu mtu akikuuliza umekula, ameshasema yote."

Kisha kampuni ya Darla ikafanya jambo ambalo hata kulisimulia natamani kutema mate. Waliwaita wafanyakazi ukumbini, wakawapa donati, wakawaambia idara nzima inakabidhiwa wakala mwenye watu wa bei nafuu, walioletwa kwa viza. Anayetaka kiinua mgongo chake, kwanza amfundishe kazi anayekuja kukikalia kiti chake. Wakatabasamu walipokuwa wanasema hivyo.

Darla akamfundisha Sushma, dada mgeni aliyekuwa akitazama meza kwa aibu muda wote. Alimfundisha kila kitu, maana hakuona kosa la yule binti. Wezi walikuwa ghorofani wanajipangusa sukari midomoni.

"Unawachukia waliokuja?" Phani akamuuliza kwenye simu.

"Wamenikosea nini? Wanapunjwa mshahara, na wakifungua mdomo wanarudishwa kwao. Waliopanga hivi ndio wananitia kinyaa, Phani. Kinyaa!"

Phani akamuuliza kama amekula. Hapo ndipo alipopaswa kumwambia kwamba kampuni yake ilikuwa inamwombea ukazi wa kudumu, na kwamba viza yake ilikuwa imefika ukingoni: ombi lisipopita, anafunga mizigo. Lakini alimwona mwenzake amefukuzwa juzi, akaona aibu kumtajia neema yake. Aibu ya namna hiyo ni woga uliovaa suti.

Darla akaomba kazi huku na huko, hakujibiwa. Siku moja alikuwa jikoni kwa mama yake, Bi. Wilma, ambaye bado hununua gazeti la Jumapili kwa ajili ya fumbo la maneno. Akalifungua kivivu. Chini ya tangazo la mbwa aliyepotea akaona maandishi madogo: mhandisi wa programu anatakiwa, maombi yatumwe kwa posta. Jina la kampuni lilikuwa la kampuni ya Phani, na kila sifa iliyotakiwa Darla alikuwa nayo.

"Mama! Nitafanya kazi jengo moja na Phani!"

"Umemwambia?"

"Thubutu! Nataka anikute kwenye lifti ashtuke."

Maskini. Sheria inasema kabla kampuni haijamwombea mgeni ukazi, lazima iitangaze kazi yake na ithibitishe kwamba hakuna mwenyeji anayeiweza. Basi wajanja wanaitangaza pale ambapo mwandika programu hatupi jicho, na wanataka barua ya posta kwa kazi ya kompyuta. Ni danganya toto, na kila meneja mjini anaijua. Kazi aliyoiomba Darla ilikuwa ya Phani mwenyewe, na Phani alikuwa bado anaikalia.

Bosi wa Phani, Garrick Stroud, mtu wa meno meupe na fulana ya gofu, akamwita na kufunga mlango.

"Kuna mtu ameomba. Hebu fikiria, mtu bado anasoma gazeti! Nitungie maswali ya kumwangusha."

"Bosi, hairuhusiwi mimi niingie humo."

"Unataka kurudi kwenu?"

Phani hakuuliza mwombaji ni nani. Alijiambia ni mtu tu, asiye na sura. Akaenda mezani, akatunga maswali juu ya programu iliyozikwa zamani, ambayo hata yeye aliifukua kwenye vitabu. Alipomaliza, akanywa chai yake kwa raha. Hilo ndilo lililokuja kumchukiza baadaye kuliko yote.

Darla aliingia kwenye usaili kwa gauni la kijani na midomo ya rangi ya zabibu. Stroud alimsomea maswali huku akipiga miayo. Darla alipojaribu kueleza kazi alizokwisha fanya, akakatwa: "Jibu swali, mama." Alitoka masikio yakimuwaka. Kwenye korido akagongana uso kwa uso na Phani.

"Phani! Nilitaka kukushtukiza, lakini huyo jamaa ameniuliza vitu vya makumbusho..."

Aliuona uso wa Phani umesawajika, akamshika mkono. Wakatoka hadi kwenye maegesho, juani. Phani akamweleza yote, hadi maswali.

"Ulinitungia wewe?"

"Sikujua ni wewe."

"Ingekuwa si mimi, ingekuwa sawa?"

Phani, kwa kiwewe, akasema neno baya kuliko yote aliyoweza kuyasema saa ile. "Darla, tuoane. Tukioana mambo yote yataisha."

Darla akarudi nyuma kana kwamba amemwagiwa maji machafu. "Yapi, ya kwako? Unanitaka mimi au unataka uraia wangu? Kikulacho ki nguoni mwako, kweli! Nikikukubali leo, Phani, nitajiuliza kila nikikutazama mezani."

Akawasha gari, akaondoka.

Phani hakula siku hiyo. Kulipokucha akaiandikia idara ya kazi ya serikali, akaeleza jinsi maswali yalivyotungwa na nani aliyeagiza. Nakala akamwekea Stroud mezani.

"Umejichimbia kaburi, bwana mdogo," Stroud akamwambia.

"Bora kaburi, bosi. Huku ndani kunanuka."

Kampuni ikaliondoa ombi lake haraka, na kazi ile nayo ikafutwa. Darla hakupewa, Phani hakubaki nayo, na Stroud akaendelea kucheza gofu. Msomaji akitaka haki zaidi ya hiyo, mimi sina.

Darla akampigia. "Nimesikia ulichofanya. Mpumbavu wee! Utaondoka?"

"Kanada wananipokea. Ile posa ya kwenye maegesho, niliitoa vibaya. Naomba nikupose upya."

"Usithubutu! Nakupenda, sikufichi. Ila nenda kwanza. Siku uraia wangu utakapokuwa haukufai kitu, nipigie."

Phani akaenda Kanada. Darla akapata kazi ya kutunza kanzidata za shule za wilaya, mshahara mwembamba lakini wakubwa wasiogawa donati. Walipigiana simu, wakaulizana kama wamekula. Neno la ndoa halikutajwa, majira yakageuka na kugeuka tena.

Kisha simu ikaja Darla akiwa anatoka kazini, mifuko ya soko mikononi.

"Nimepewa ukazi wa kudumu wa huku, Darla. Theluji imenifika magotini, na hakuna karatasi ya mtu yeyote ninayoihitaji tena."

Darla akaiweka mifuko chini, katikati ya njia. "Basi sema."

"Utakubali nikuoe?"

"Paza sauti. Magari yanapita."

"Nataka kukuoa, Darla Prewitt!"

Darla akaketi kando ya mifuko yake.

"Nakubali," akasema, machozi yanamtoka. "Lakini sijakusamehe yale maswali. Hasira ninazo, na nitakuwa nazo mpaka uzeeni."

"Basi njoo nazo," Phani akasema, "tuzeeke nazo wote."