Mgongo Wangu Si Lifti

Kila jioni, mgeni wa mwisho akishateremka, Kicheko, mtembeza wageni, alipanda mnara wa taa kufunga dirisha la juu. Ngazi mia na arobaini za chuma. Wageni aliwaambia ni mia tu, "hizo nyingine nyongeza ya bure." Bintiye alibaki mlangoni na funguo.

Hadi miezi minne iliyopita, aliyekuwa akipanda nyuma yake ni mkewe. Walikuwa na lugha yao. Aliye chini akichoka, anagonga reli ya ngazi mara mbili: njoo unichukue. Aliye juu anajibu mara moja: nakuja.

Siku ile mke aligonga mara mbili. Kicheko alikuwa juu na wageni ambao tayari walishaanza kucheka, na yeye akiona meno ya watu hana breki. Hakugonga. Alipaza sauti: "Panda mwenyewe, mke wangu! Mgongo wangu si lifti!"

Wageni waliangua kicheko.

Waliposhuka walimkuta ngazi ya sitini na mbili, ameketi, mkono bado umeshika reli. Moyo ulikuwa umesimama.

Leo Kicheko alifunga dirisha, akageuka.

Ngo... ngo.

Harufu ya sabuni ya kufulia ikapanda taratibu, ile ya mikono ya mkewe.

Ngo... ngo.

Safari hii hakutania. Aligonga mara moja, akashuka mbio, magoti yakimlalamikia. "Nakuja, mama. Usiinuke. Nakuja..."

Ngazi ya sitini na mbili ilikuwa tupu. Akaigusa.

Ilikuwa na joto.

Akaketi hapo hapo, mtu mzima, akalia kama mtoto aliyesahaulika shuleni.

"Baba?" binti aliita kutoka chini. "Umefika wapi?"

"Sitini na mbili. Wewe ndiye uliyegonga?"

"Sijagusa kitu." Kisha, kwa mnong'ono uliopanda mnara mzima: "Baba... sasa huko juu anacheka nani?"

Kicheko akasikiliza.

Sauti ya mwanaume, imejaa raha, ikashuka kutoka dirisha alilolifunga: "Panda mwenyewe, mke wangu! Mgongo wangu si lifti!"

Ilikuwa sauti yake.

Akaikamata reli kwa mikono miwili, akagonga. Mara mbili. Tena mara mbili. "Shuka, mpumbavu wewe! Shuka, anakufa!"

Juu, watu waliangua kicheko.

Hakuna aliyegonga.