Koili Iliyofupishwa

Khawla alipikia jiko la umeme la koili, ule waya uliosokotwa unaowaka. Koili ilipokatika, mumewe Ghanim hakuita fundi. Alikata kipande kilichoungua, akaunga ncha mbili, kisha akaivuta koili ijae tena kwenye mfereji wake juu ya jiko. Fundi wa kujipachika! Na ajabu ni kwamba kila alipoitengeneza, jiko lilizidi ukali.

"Umeona?" alijigamba. "Linapika upesi kuliko lilipokuwa jipya."

Umeme wa serikali ulipokuwepo, jiko halikuwa na neno. Lakini mjini Mosul umeme huo huja na kwenda, na ukiondoka, kila nyumba hutegemea jenereta ya mtaa. Ghanim alijiandikisha kulipia ampea sita. Siku hizi Khawla akiwasha jiko kwa jenereta, hata maji hayajapata moto, breka, ile swichi ya kukata umeme, inaruka na taa zinazimika.

"Hazim ananiibia!" Ghanim aling'aka. "Nalipia sita, ananipa tatu. Mbona kwa umeme wa serikali jiko linawaka?"

Hazim ndiye mwenye jenereta. Na Hazim huyo huyo angekuja Alhamisi kumposea mwanawe Sinan binti yao, Rafal.

"Baba, nakuomba," Rafal alisema, "usiyaseme hayo nje."

Wapi! Alishayasema kwa kinyozi, na kwa kinyozi hakuna siri.

"Tena Alhamisi nitamwambia mbele ya watu. Mwizi simpi binti yangu!"

Rafal alikimbilia chumbani akilia. Alimpenda Sinan, na mama yake alilijua hilo. Khawla hakubishana na mumewe. Alikwenda kumwita jirani yao, Nidhal, aliyefundisha fizikia mpaka akastaafu.

Nidhal alikuja na kipimo chake cha ampea, kile cha kubana waya. Umeme wa serikali ulikuwepo. Aliwasha jiko, akaubana waya wake mmoja.

"Baba Rafal, soma mwenyewe."

"Kumi."

"Kumi nini? Mayai?"

"Ampea kumi, Mwalimu."

"Na breka yako ya jenereta ni ya ngapi?"

"Sita." Sauti ya Ghanim ilishuka.

"Sasa kumi zitapitaje kwenye sita? Breka haikuibii. Inakulinda, nyaya zisiungue. Umeme wa serikali una breka kubwa, ndiyo maana hairuki."

"Lakini jiko ni lile lile!"

"Si lile lile. Umelikatakata." Nidhal alivuta kiti. "Sikiliza. Umeme unasukumwa. Msukumo ni volti, na hapa ni mia mbili ishirini. Umeme unaopita ni mkondo, ndizo ampea. Waya wa koili unauzuia mkondo usipite wote. Huo ndio ukinzani, nao tunaupima kwa omu. Ukitaka ukinzani, gawanya volti kwa ampea. Haya."

Ghanim alikuna kichwa. "Mia mbili ishirini kwa kumi... ishirini na mbili."

"Omu ishirini na mbili. Koili nzima ya jiko hili huvuta ampea tano. Gawanya."

"Arobaini na nne. Kumbe imebaki nusu!"

"Kwa sababu umebakiza nusu ya koili. Waya wa aina ile ile ukiwa mfupi, ukinzani unapungua, na mkondo unaongezeka."

"Na ule ukali?"

"Hiyo ni nguvu. Zidisha volti kwa ampea, upate wati."

Khawla aliwahi. "Kwa tano, wati elfu moja na mia moja. Kwa kumi, elfu mbili na mia mbili. Mara mbili!"

"Lo, Mama Rafal, umetuacha mbali," Nidhal alicheka. Kisha akazima jiko, akachomoa plagi, akamwonyesha Ghanim. Ilikuwa imebabuka na kuanza kuyeyuka. "Na hii je? Ingewachoma humu ndani."

Siku hiyo hiyo Ghanim alinunua koili nzima na plagi mpya. Nidhal akapima tena: ampea tano.

"Inabaki moja ya taa na feni," alisema. "Pasi isubiri."

Alhamisi wageni walipoketi tu, umeme wa serikali ulikatika. Jenereta ikachukua. Khawla aliweka mdila wa kahawa jikoni, macho kwenye taa. Kahawa ilichemka. Taa haikuzimika.

Mposaji hanywi kahawa mpaka ombi lake likubaliwe. Hazim alipokea kikombe, akakiweka chini. Lakini hakuanza na posa.

"Baba Rafal, nimesikia kwa kinyozi kwamba mimi mwizi. Ni kweli umesema?"

Nyuma ya mlango Rafal aliushika mkono wa mama yake akaubana.

Ghanim aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kukana. Badala yake alitoa mfukoni ile koili ya zamani, akaiweka kwenye sinia, kando ya kikombe.

"Nimesema, na nilikosea. Mwizi huyu hapa, na aliyemtengeneza ni mimi. Nilikuwa nakata na kuunga, jiko likawa linavuta ampea kumi, nikakusingizia wewe. Kesho nitakwenda kwa kinyozi niyaseme haya kwa sauti ile ile. Nisamehe."

Hazim aliigeuzageuza koili ile, iliyojaa viungio. Akaanza kucheka.

"Maskini jenereta yangu! Haya, yameisha. Nimekuja kumwombea Sinan binti yenu."

"Umepewa. Kunywa, kahawa inapoa."

Nyuma ya mlango mtu alipiga kigelegele kabla ya wakati wake. Hazim alikunywa kikombe mpaka mwisho, kisha akaomba kingine.