Jumamosi ya Bamama pa Kalwa

Mvua ya Butembo haina adabu. Haibishi hodi, wala haikuulizi kama umeanua nguo. Mchana ule wa mwezi wa kumi ilimkuta Hadassa Kanyere katikati ya barabara ya soko, mbele ya duka lake la bashi, yaani maturubai ya plastiki, kamba na ndoano, akihangaika kusimamisha hema la kijani kwa ajili ya mteja mmoja mwenye kichwa kigumu.

"Mimi hapana nunua hema yenye sijaona imesimama," mteja alikuwa amesema.

"Papa, hema ni hema. Inasimama tu."

"Basi isimame nione."

Ndipo Hadassa akafunga vizuri kikwembe chake cha njano kiunoni, akavuta mikono ya sweta, akatoka nalo barabarani. Pikipiki zikampigia honi. Mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma, iliyojaa makaa, akamtukana kidogo. Hema likasimama, na kabla hajafungua mdomo kujisifu, mbingu zikamwagika. Watu wanne wakarukia ndani: yeye, mteja, mwenye chukudu, na mama mmoja na beseni lake la maharagwe. Wakakaa humo magoti kwa magoti, mvua ikipiga ngoma juu ya vichwa vyao.

Hapo Hadassa akamtazama mteja vizuri. Koti jekundu la mvua, viatu vikubwa vya kupandia mlima, na macho ya mtu ambaye karibu atacheka.

"Haivuji," mteja akasema.

"Nilikuambia nini?"

"Uliniambia inasimama. Habari ya kuvuja hukusema."

"Eh, huyu! Sasa unachukua ao unaacha?"

"Nachukua nane."

Hadassa akapunguza sauti. Kwetu, mtu akitafuta mahema manane, unajua kuna kijiji kimekimbia. "Pole. Bakimbizi bako batokea wapi?"

"Hapana, dada. Ni ya batu benye kulala mu musitu kwa kupenda."

Mama wa maharagwe akageuka. "Kwa kupenda?"

"Kwa kupenda, mama. Kutembea, kuvua samaki, kulala, kurudi."

Jina lake lilikuwa Esdras Sikuli, mwalimu wa jiografia kule Beni. Kila likizo aliwatembeza vijana wa mji katika misitu ya Leta, ile ya serikali, pande zilizotulia. Alikuwa anaandika orodha ya mahali pazuri pa kutembea, pa kuvua na pa kusimamisha hema, ili aibandike kila kanisa na kila shule toka Beni mpaka Butembo. "Batoto yetu banajua musitu kama pahali pa kukimbia," akasema. "Nataka bajue ni yao." Alilisema hilo kwa uhakika hata mwenye chukudu akaitikia amina.

Mvua ikakatika, na Esdras akaomba namba ya simu.

"Ya nini?"

"Juu ya garantie, dhamana. Kama hema moja inavuja?"

"Umesema mwenyewe haivuji."

"Niko na wasiwasi na zile saba."

Hadassa akacheka, na namba akaitoa. Hata mimi ningeitoa.

Toka siku ile, simu haikupoa. Asubuhi Esdras alipiga kabla ya kuingia darasani. Jioni Hadassa alipiga akifunga duka, na jirani yake Julie, muuza viatu, alitega sikio bila aibu.

"Garantie, umeamuka aje?"

"Usiniite garantie, chérie."

"Basi nikuite nani?"

"Niite wako."

"Wee! Julie eko anasikia!"

"Asikie. Julie naye ajue."

Mwezi wa kumi na mbili Hadassa alimpeleka Esdras kwa mama yake, kijijini Kahimba, nusu siku kwa pikipiki, mahali barabara inapochoka na msitu wa Leta unapoanza. Mama Katungu alikuwa mjane mfupi mwenye mikono migumu, asiyecheka ovyo. Alimpa Esdras ugali na samaki wa kukaushwa wa kijitoni, watamu ajabu, akamwangalia anavyokula. Mgeni aliporamba vidole, mama akasema, "Pasaka, lete batu ya kwenu tubaone." Kwa Mama Katungu hayo ni maneno mengi: mlango wa posa umefunguliwa. Hadassa aliruka jikoni kimyakimya kama mtoto.

Kesho yake wawili hao walipanda ndani ya msitu wakifuata kijito cha Kalwa. Kwenye kona moja maji yalitulia, na kando yake palikuwa na uwanja safi, umekanyagwa ukalainika. Palibaki vigingi vya zamani na maganda ya migomba yaliyooza. Esdras akatoa daftari.

"Unaandika nini?"

"Miti," akajibu. Alikuwa amepaingiza mahali pale kwenye orodha yake, alitaka iwe mshangao.

Hadassa naye akameza neno lake. Pale ni mahali pa wanawake wa Kahimba. Kila kiangazi, na kwetu ni viwili kwa mwaka, maji yakipungua, wanajenga ukuta wa udongo na migomba, wanakigeuza kijito pembeni, kisha wanayateka kwa mabeseni maji yaliyobaki mpaka samaki waonekane matopeni. Siku yenyewe anaichagua mkubwa wao, na mkubwa wao ni Mama Katungu. Mwanaume haambiwi. Wanasema akiijua siku, samaki nao wataijua. Unaweza kucheka, lakini Hadassa tangu utoto hajawahi kuitamka mbele ya mwanaume, hata babake marehemu.

Basi mwezi wa pili, simu ilipigwa siku ya Alhamisi.

"Chérie, Jumamosi nakuya Butembo."

"Jumamosi siko."

"Siko, ni kusema uko wapi?"

"Siko ni siko, Esdras."

"Unaenda na nani?"

"Bébé, niulize yote, mais ile hapana. Jumapili nitakupigia."

Ijumaa akapiga tena. Simu akaipokea Julie, kwa kuwa Hadassa aliisahau dukani. "Hadassa? Ametoka asubuhi, sha, na kifuko cha nguo. Alikuwa anaimba."

Anaimba! Esdras alikaa na neno hilo kama mwiba kidoleni. Kufika jioni alikuwa amekwisha kumjengea Hadassa mwanaume mzima kichwani, mfanyabiashara wa vitenge mwenye gari na tumbo. Wivu ukamfanya mkaidi. Akaita vijana wake kumi na wawili: kesho tunafungua namba nne ya orodha. Karatasi ya ruhusa ya ofisi ya misitu anayo, imepigwa muhuri. Aliiuliza Leta, Kahimba hakuiuliza.

Jumamosi saa nne za asubuhi, baada ya kusafiri usiku kucha, wakatokeza kwenye kona ya Kalwa na mahema mgongoni. Wakapokelewa na kelele za wanawake thelathini. Walikuwa katika matope, vikwembe vimefungwa juu ya magoti, mabeseni mkononi, na maji yamebaki ya kufika kifundoni. Samaki walishaanza kuruka. Katikati yao, udongo mpaka shingoni, amesimama Hadassa.

Moyo wa Esdras ulifunguka. Hakuna mfanyabiashara, wala tumbo! "Kumbe ni huku!" akapaza sauti, akamkimbilia kwa njia fupi kuliko zote, yaani juu ya ukuta wa udongo, na viatu vyake vikubwa vya mlima.

"Esdras, hapana! Shuka!"

Ukuta ukazama chini ya hatua ya tatu. Kalwa yote ikarudi kwa kishindo, ikamwangusha, ikachukua mabeseni mawili na samaki wa kiangazi kizima. Ilipotulia, wanawake thelathini walikuwa wamesimama na maji kiunoni. Ile ilikuwa mboga ya nyumba thelathini.

Mama Katungu akaokota kofia ya Esdras iliyokuwa inaelea, akamrudishia. "Pasaka, hapana kuleta batu yako kwangu," akasema. Akageuka na kupanda njia.

Hadassa hakulia. Kijana mmoja alikuwa ameshika orodha; Hadassa akainyakua, akasoma kwa sauti: "'Namba ine. Kalwa. Pahali pazuri pa hema, maji ya samaki, hakuna mutu.'" Akamtazama. "Hakuna mutu? Mama yangu anavua hapa miaka makumi tatu. Ule uwanja umeona laini, ni miguu yetu ililainisha."

"Sikujua, Hadassa. Ungeniambia..."

"Mimi nilikuficha juu ya desturi. Weye ulinificha juu ya nini? Miti!"

Akamtupia karatasi kifuani, akaenda.

Simu ikanyamaza. Esdras alipiga wiki nzima, hapokelewi. Alituma vocal, jumbe za sauti, hazisikilizwi. Mtu mwingine angeenda kunywa na kulalamika, ila Esdras, pamoja na ubishi wake, alikuwa mwanaume kweli. Akachukua mkasi na gundi, akaanza toka Beni, kila mahali alipokuwa ameshaibandika ile orodha. Kanisa kwa kanisa, shule kwa shule, aliomba ruhusa kusimama mbele ya watu na kusema: "Mi njo niliandika hii karatasi. Kuko bongo ndani, uwongo wangu. Nilisema Kalwa hakuna mutu, nilikosa. Kuko benyewe." Watu wakacheka, naye akaacha wacheke. Namba nne akaikata, akabandika mstari mpya.

Alipofika Butembo alibadilisha karatasi mpaka ile ya ukuta wa soko, hatua ishirini kutoka dukani kwa Hadassa, na hakuinua macho. Julie ndiye aliyekwenda kuisoma. Akarudi mbio.

"Hadassa! Sikia ameandika nini: 'Kalwa. Pahali pa bamama ba Kahimba. Hema, hapana. Ukipita, piga hodi.'"

Hadassa aliendelea kukunja bashi. Ileile moja, aliikunja mara nne.

"Unamupenda ao humupendi?" Julie akauliza.

"Namupenda sana, Julie! Namupenda mpaka naona hasira! Mais siwezi kumurukia mama."

Pasaka ikapita. Mwezi wa sita, likizo ilipoanza, Esdras akapanda Kahimba peke yake, mikono mitupu. Mama Katungu alikuwa anapepeta maharagwe.

"Wavukire, mama," akamsalimu kwa Kinande.

"Umekuya kuomba binti yangu?"

"Hapana, mama. Nimekuya kuuliza ule ukuta unajengwa aje."

Mama akapepeta kwanza, akamaliza ungo mzima. "Vigingi ya muti mugumu," akasema mwishoni. "Migomba. Udongo wa kule chini, hapana wa hapa karibu. Na miguu bila viatu."

Siku nne akabeba udongo, wanawake wakipita kumcheka. Siku ya tano simu ya Hadassa ikalia Butembo.

"Mama?"

"Mwalimu wako anajenga vibaya. Ukuta unavuja. Kuya umuonyeshe."

Kesho yake Hadassa alikuwa juu ya ukingo, kikwembe kileile cha njano, mikono kiunoni. Chini, Esdras alikuwa anaziba tundu kwa kiganja.

"Inasimama," Hadassa akasema, "mais inavuja."

Esdras aliinua uso, udongo mpaka kwenye nyusi. "Garantie iko?"

"Sogea kule, unaniharibia udongo." Akashuka, akapiga magoti kando yake, wakaziba pamoja. "Ulisema mbele ya makanisa yote?" akauliza.

"Yote. Kwa Bakatoliki, mara mbili."

"Nisamehe nami. Ningekuambia tu: Esdras, ile siku ni ya bamama, hapana kuuliza. Ingetosha."

"Mimi nilikuwa nimekwisha kukuoza kwa mutu wa tumbo."

Hadassa alicheka mpaka akaegemea ukuta, na ukuta haukuanguka.

Katikati ya mwezi wa saba, Esdras amesharudi Beni, simu yake ikalia. Namba asiyoijua.

"Ni Mama Katungu. Ni kesho kutwa." Akakata.

Esdras alibaki na simu sikioni. Alikuwa ameambiwa siku.

Kesho kutwa alikuwa Kahimba na mapambazuko. Mama Katungu akamsimamisha njiani, mahali njia inapoingia kwenye kona ya Kalwa, na kumgeuza kwa mabega. "Uchunge. Mutu asipite. Na weye hapana kugeuka." Asubuhi nzima alisimama akitazama miti, akisikia nyuma yake mabeseni, nyimbo za Kinande na vicheko. Kisha kelele moja kubwa ya furaha, na miguu yenye maji ikipanda.

"Ni mimi. Usigeuke."

"Siko nageuka."

Mkono ukapita pembeni ya kiuno chake, umeshika kambare mnene anayejipindapinda. "Ya kwanza ni ya mwenye alijenga ukuta. Ni mama anatuma."

Esdras akampokea samaki. Maneno aliyokuwa ameyapanga tangu Beni yalikimbia yote.

"Hadassa, niko na samaki mukononi na mgongo ndiyo unakuangalia. Sijui kama ni hivi banaombaka. Unioe... hapana, nikuoe... aa! Unikubali. Mimi nakupenda."

Maji yalichuruzika kutoka kwenye kikwembe cha Hadassa, tone kwa tone, juu ya majani makavu.

"Geuka," Hadassa akasema.

"Mama amesema hapana."

Kutoka chini, kwenye matope, sauti ya Mama Katungu ikapanda, kavu na kubwa, ikasikiwa na wanawake wote thelathini:

"Hadassa! Ambia mukwe wangu ageuke, na alete beseni! Huku samaki ni mingi!"