Waya Uliodhaniwa Umekaa Bure

Mume wangu ni seremala. Hatupi kipande cha ubao, hata kiwe kidogo kama kidole. "Kitafaa tu," husema. Nyumba yetu imejaa vitu vitakavyofaa.

Mama yake anakaa nasi. Juzi aliinuka kitandani kwenda kuwasha taa. Swichi iko mbali, karibu na mlango. Akajikwaa gizani, akaanguka. Goti likavimba. Tuliogopa sana.

"Hatainuka tena kutafuta swichi," mume wangu aliapa. Akanunua swichi inayowashwa kwa rimoti. Asubuhi alizima swichi kuu, akaifungua ile ya zamani.

Swichi mpya ilitaka waya wa moto, waya wa taa na nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme. Ukutani mlikuwa na wa moto na wa taa tu. Nyutro hakuna! Ila nyuma kabisa ulijikunja waya wa kijani, haujafungwa popote.

"Huu umekaa bure. Utafaa."

"Hebu tumwite kwanza Mama Testa," nikasema. Ni jirani yetu, fundi umeme. Testa yake ya kupimia umeme haimtoki mfukoni hata akienda harusini.

Alikuja, akapima kuhakikisha umeme umekatika. Kisha akauona ule waya.

"Shemeji, hiyo ni ethi. Imeungana na ile feni ya chuma ya mama. Umeme ukivuja, yenyewe huupeleka ardhini. Ukiifanya nyutro, siku ikikatika njiani kabla ya kufika ardhini, feni itakuwa na umeme. Na mama akiishika?"

Mume wangu aliweka bisibisi chini.

"Kwa hiyo mama aendelee kuanguka?"

"Nani kasema? Nyutro iko darini, kwenye taa. Tunaweza kuivuta, ila tutachimba ukuta. Au ukabadilishe hii, uchukue swichi isiyohitaji nyutro. Huja na kidude kidogo. Nitakifunga kwenye taa, isipepese ikizimwa."

Mume wangu alirudi dukani mbio. Kazi yote akaifanya Mama Testa, na waya wa kijani akaufunga kwenye boksi la swichi, mahali pake.

Jioni, Mama Testa akiwa bado yupo, mama alibonyeza rimoti akiwa kitandani. Taa ikawaka. Akazima, akawasha, akazima, akawasha.

"Mama, utaiunguza!" mume wangu akasema.

"Niache, mwanangu. Goti langu linafurahi."

Kisha akaishika feni, akaigeuza imwelekee, kama kila siku. Mume wangu aliutazama mkono ule mpaka ukatoka.

Akaokota swichi ya zamani. "Itafaa," alisema. Halafu akamgeukia Mama Testa. "Au siyo?"